Shangazi Aliyetufundisha Kuanguka

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Shangazi anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya viungo bandia kwa miaka thelathini na mitatu. Barua ya utumishi inamtaja kwa jina lake kamili na cheo cha Fundi Mkuu, lakini mgeni akifika mapokezi akauliza kwa jina hilo ataambiwa hayupo. Uliza Shangazi, na hata mlinzi wa getini ataacha chai yake akusindikize. Wagonjwa wa zamani humwongezea jina la pili, Shangazi Anguka, na wanaolisikia kwa mara ya kwanza hudhani anatukanwa. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu wa jarida letu kwa sababu nimeshirikiana naye meza moja ya plasta kwa muda mrefu kuliko wengine, na pia kwa sababu wengine wote walipoombwa walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingi.

Alikuja kama mshonaji. Karakana ilitaka mtu wa kushona mikanda ya ngozi, na soksi nene zinazovaliwa juu ya kigutu, ile sehemu ya mguu inayobaki baada ya kukatwa. Alipewa cherehani na kona ya chumba cha nyuma, karibu na dirisha lisilofunguka. Waliompa kona ile hawakumjua. Jicho moja lilikuwa kwenye sindano, la pili kwa mafundi waliokuwa wakichonga miguu, na mdomo wake ulitoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Fundi mkuu wa enzi hizo alichoka kusahihishwa na mshonaji, akampeleka chuoni akasome, angalau na yeye apumzike. Shangazi akarudi na cheti, akaendelea kumsahihisha, na safari hii alilipwa kwa kazi hiyo.

Wasifu wa mstaafu kwa kawaida husema kwamba mhusika ni mnyenyekevu. Mimi sitasema hivyo, maana utasomwa mbele ya ukumbi mzima na watu watacheka. Shangazi anajisifu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Amemwambia kila mfanyakazi mpya kwamba hakuna mkanda alioushona yeye ukakatika, na akionyeshwa uliokatika husema huo si wake. Ni yeye pia aliyewahi kukoroga plasta kwa kijiko cha chai cha mkurugenzi. Plasta iliganda na kijiko kikiwa ndani, na kwa kuwa alikuwa akipiga soga hakugundua. Kijiko hicho kimo mpaka leo ndani ya mfano wa mguu mmojawapo huko stoo, na kila mkurugenzi mpya husimuliwa habari zake.

Lakini jina la Anguka alilipataje? Miaka ya mwanzo aliona jambo lililomnyima raha. Watu walijifunza kutembea hapa, kati ya vile vyuma viwili vya kushikilia, wakaagana nasi kwa furaha. Baada ya miezi wangerudi kwa jambo jingine wakiwa kwenye magongo, na ule mguu tuliouhangaikia wameuacha uvunguni. Aliwauliza mmoja mmoja. Wengi walizunguka mbuyu, mpaka mama mmoja mtu mzima alipomwambia kwamba anaogopa kuanguka mbele ya wakwe. Kumbe ndivyo ilivyokuwa kwa wote. Tuliwafundisha kila kitu isipokuwa kile walichokiogopa.

Jumatatu iliyofuata Shangazi aliingia getini na godoro kichwani. Mume wake, ambaye sote tunamwita Shemeji, anasema aliamka akamkuta mke ameondoka na nusu ya kitanda. Godoro likalazwa mwisho wa vile vyuma viwili, na hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao sidhani kama karakana nyingine inao. Kwetu hakuna anayepiga hatua ya kwanza kabla hajaanguka, na hakuna anayeanguka peke yake. Shangazi huanguka kwanza. Halafu humshika mgonjwa mkono, wakaanguka wawili, wakalala pale chini kidogo wakitazama dari, kisha akamfundisha kuinuka: geukia ubavu wa mguu mzima, tia kiganja sakafuni, leta goti, pumua, simama. Nimeona bibi wa watu akiangua kicheko juu ya godoro lile mpaka kilemba kikafunguka. Nimemwona hakimu mstaafu akianguka na tai yake shingoni. Mtu alipowahi kumkumbusha Shangazi kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele, alijibu kwamba wahenga waliosema hivyo walikuwa na miguu miwili.

Sasa nifike kwa Bi Harusi, maana bila yeye wasifu huu hautakamilika. Miaka mitatu iliyopita tuliletewa mashine ya akili bandia. Ilishushwa kwenye lori ikiwa imefunikwa shuka jeupe, ikapewa chumba kizuri kuliko vyote, chenye kiyoyozi, na tukaonywa tusiiguse. Shangazi alichungulia mlangoni, akatangaza kwamba bi harusi amefika, na jina likabaki. Baadhi yetu tulikuwa na wasiwasi na vibarua vyetu. Yeye alituambia kwamba watu wanaokula kwa miguu bandia hawana haki ya kuidharau akili bandia.

Na kweli, Bi Harusi ni wa kuvuliwa kofia. Anakizungushia kigutu jicho lake la kamera, anakilinganisha na vigutu vya watu wasiohesabika ambao hatutawaona maishani, na kabla hujamaliza kikombe cha chai ameshachora sehemu ya mguu inayopokea kigutu. Kazi hiyo ilitugharimu sisi siku kadhaa za plasta, msasa na malalamiko. Shangazi, kwa majivuno yake, alitaka mashindano. Alitengeneza ya kwake kwa mkono, mashine ikatengeneza ya kwake, na mgonjwa mmoja akafumbwa macho akavaa zote mbili. Akachagua ya mashine. Shangazi akaichukua ile kazi ya mashine, akapitisha vidole ndani yake taratibu kama anayepapasa uso wa mtoto, akasema kwamba angempata mwanafunzi wa namna hii zamani angestaafu mapema. Tangu siku hiyo alihamishia chai yake kwenye chumba cha kiyoyozi.

Bi Harusi alijua pia kufundisha kutembea. Vidude vidogo vya kupima huwekwa ndani ya kiatu, kamera hutazama kutoka darini, na sauti tulivu humwambia mgonjwa aegemee wapi na lini. Watu walikuwa wakianguka mara chache mno. Mkurugenzi wetu, ambaye ni mama mwenye busara, akaona hakuna sababu tena ya kuwaangusha wagonjwa makusudi, wala ya kumwangusha fundi mtu mzima ambaye nyonga yake ilishaanza kumsumbua. Akatoa agizo kwamba kuanguka kukome. Shangazi alitii. Godoro halikuwa na pa kwenda, likabaki palepale mwisho wa vyuma, na wafanyakazi wakaligeuza mahali pa kujinyoosha mchana baada ya kula.

Mwaka jana akaja fundi rangi. Alikuwa kijana wa watu, baba wa mtoto mmoja, aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa akipaka ukuta wa ghorofa, na mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Mguu aliotengenezewa na Bi Harusi ni bora kuliko yote iliyowahi kutoka mikononi mwetu. Ulimkaa vizuri, haukumbana popote, hata yeye mwenyewe alikubali. Lakini hakusimama. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti cha magurudumu katikati ya vile vyuma, mke wake nyuma yake, akautazama mguu mpaka muda ukaisha. Siku ya pili ikawa hivyohivyo.

Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho, na yeye alilijua hilo. Wanaosubiri nafasi hapa ni wengi, na asiyeanza katika siku tatu huondolewa kwenye ratiba, mguu ukafunguliwa, nafasi yake kwenye vyuma akapewa mwingine. Ni sheria ngumu lakini hatuna njia nyingine. Asubuhi ile mtaalamu wa mazoezi alijaribu kumsemesha habari za nyumbani, na kijana akamwambia, macho yakiwa sakafuni, kwamba binti yake ameanza kutembea mwezi huohuo. Anatembea na kuanguka, anatembea na kuanguka. Akianguka karibu na baba yake, baba humtazama tu anavyolia, mpaka mama atoke jikoni aje kumwinua. Alisema mtoto sasa hamnyooshei tena mikono. Mtaalamu wa mazoezi aligeukia dirishani kwanza kabla ya kuendelea na kazi.

Bi Harusi akaanza kwa ile sauti yake tulivu. Akamweleza kijana kwamba mguu uko sawa, misuli iko tayari, na uwezekano wa kuanguka haufiki hata mbili kwa mia. Kijana akajibu kwamba hata jukwaa siku ile lilikuwa imara. Halafu akainua uso akaitazama kamera ya darini.

"Wewe umewahi kuanguka?"

"Hapana," Bi Harusi alisema. "Sina mwili. Lakini nimejifunza kutokana na kumbukumbu za maelfu ya watu walioanguka."

"Basi niitie mmoja wao."

Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta soksi. Mashine haikuwa imekosea hata neno, na ilijibu kwa ukweli kuliko ambavyo wengi wetu tungejibu. Ila ilikuwa imeombwa kitu ambacho hakimo katika yote inayoyajua. Mtaalamu wa mazoezi akamtazama mhandisi wa mashine, mhandisi akaitazama skrini, na mimi nikajikuta niko mbio kuelekea chumba cha plasta.

Shangazi alikuja akijifuta mikono kwenye aproni. Nilikuwa nimemweleza njiani, kwa hiyo hakuuliza kitu. Alimwambia kijana kwamba yeye ameanguka pale ndani mara nyingi kuliko mtu yeyote, na kwamba siku hizi anaogopa pia, maana kwa umri wake sakafu imekuwa mbali kuliko zamani. Akamwambia amtazame yeye kwanza. Akaenda mwisho wa vyuma, akageuka, akahesabu moja, mbili, akajiachia kinyumenyume kama alivyojiachia miaka yote, pale godoro linapolala.

Godoro halikuwepo. Asubuhi ile Shangazi mwenyewe alikuwa amelalamika kwamba linanuka usingizi wa watu walioshiba, akamwagiza mfanya usafi alitoe nje lipigwe jua. Lilikuwa limetandazwa kwenye uzio wa ua, na kila mtu aliyepita alikuwa ameliona, yeye akiwa wa kwanza.

Wapo wanaosema alifanya makusudi. Yeye anaapa kwamba alisahau, na mimi namwamini, kwa sababu neno lililomtoka alipofika chini haliwezi kuchapishwa katika jarida hili. Sisi wote tuliganda. Wa kwanza kusema alikuwa Bi Harusi, na namheshimu kwa hilo: mtu ameanguka, tafadhali msaidieni. Fundi rangi alikuwa karibu naye kuliko sisi. Sikumwona akiamua. Nilichoona ni kiti cha magurudumu kikirudi nyuma, na yeye yuko wima, mguu mmoja mbele, ule mpya ukafuata, kisha tena, mkono ameunyoosha. Alipoinama kumfikia akapoteza mhimili, akaanguka mzimamzima kando yake, kwenye sakafu tupu. Mke wake alifunika uso kwa viganja.

Wakabaki pale wawili, wakitazama dari.

"Umeumia?" Shangazi akamuuliza.

Kijana alijipapasa. Alichukua muda, akianzia kichwani. "Hapana, Shangazi."

"Mimi nimeumia. Niinue, mwanangu."

Hakuwa anaigiza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepata ufa kwenye kifundo na ulikuwa unavimba tukiuona. Nilitaka kukimbilia, lakini mtaalamu wa mazoezi alinishika bega akanizuia. Shangazi akamwelekeza kwa sauti ya maumivu, neno moja moja. Geukia ubavu wa mguu mzima. Kiganja. Goti. Pumua. Kijana akasimama, akamwingizia mikono kwapani, akamvuta. Shangazi si mwepesi, na hilo tutalisema ingawa atakuwa ukumbini. Alipomaliza kumsimamisha, kijana alikuwa wima katikati ya chumba, mbali na vyuma, mikono yote miwili ikiwa imemshika mtu mwingine. Akamwongoza mpaka kwenye kiti cha magurudumu, kiti chake mwenyewe, akamkalisha. Kisha akakisukuma.

Ndivyo walivyopita koridoni kuelekea chumba cha matibabu: Shangazi kitini akiwa ameukumbatia mkono wake, fundi rangi nyuma yake akitembea, mke wake pembeni analia na kucheka, na sisi wengine kwa nyuma kama msafara. Mkurugenzi alitoka ofisini kuona kelele ni za nini. Akaenda kuwafungulia mlango.

Jioni mhandisi alirudi kwenye mashine akaiuliza mbona haikuyaona yale mapema. Bi Harusi alijibu kwamba katika yote iliyokuwa nayo hapakuwa na kitu kilichoonyesha kwamba yule mtu angesimama, na kwamba hata sasa haijui kwa nini alisimama. Baadhi yetu tulicheka. Shangazi, ambaye mkono wake ulikuwa umeshawekwa plasta na alikuwa akilalamika kwamba imepakwa vibaya, alitukatiza. "Msimcheke. Hata mwenyewe hajui." Na ni kweli. Tulimuuliza kijana wiki iliyofuata, akasema anakumbuka kumwona mama wa watu chini, kisha anakumbuka yuko naye chini. Hapo katikati hakumbuki kitu.

Nimefanya kazi na miguu ya watu tangu ujana wangu. Naijua mifupa yote, nazijua kano, najua uzito unavyohama kutoka kisigino hadi kidole gumba. Lakini hapo katikati, kati ya kukaa na kusimama kwa yule kijana, kuna kitu nilichokiona kwa macho yangu na sikijui. Bi Harusi anafahamu habari za kuanguka kuliko sisi sote tukijumlishwa. Angeweza kumpa kijana kila maelezo duniani. Hangeweza kulala sakafuni na mkono unaovimba na kumhitaji. Tangu alipokatwa mguu tulikuwa tumemhudumia kijana yule, madaktari, mafundi na mashine, na Shangazi ndiye wa kwanza kati yetu kumwomba msaada.

Kiutawala mambo yalikwenda hivi: Shangazi alipewa onyo kwa maandishi kwa kukiuka agizo, na siku hiyohiyo agizo likafutwa. Sasa Bi Harusi hupima, huchora na humwongoza mgonjwa kwa makini yake yote, na kabla ya hayo tunaanguka. Shangazi, nyonga na kifundo vikiwa vimemkataza, alihamia kwenye kufundisha wengine. Mtaalamu wa mazoezi anaanguka vizuri sana. Mhandisi alivunja miwani mara ya kwanza, lakini anaendelea kupata nafuu. Mimi naambiwa naanguka kama gunia, na aliyesema hivyo mnamjua.

Fundi rangi amerudi kazini. Kwa sasa anapaka kuta za chini, ngazi bado. Mwezi uliopita mke wake alipiga simu ofisini, akaomba ujumbe umfikie Shangazi kabla hajaondoka. Mtoto alikuwa amejikwaa kwenye kizingiti akaanza kulia. Mama alitoka jikoni mbio kama kawaida, akafika mlangoni akasimama, kwa sababu baba alikuwa ameshainuka kwenye kiti na yuko njiani. Hakuwa na haraka, hawezi kuwa nayo. Alipofika alishuka taratibu, kiganja, goti, na mtoto aliacha kulia, akamnyooshea mikono, akamsubiri.

Shangazi, kwa miaka yote hiyo, kwa kila mshono na kila mchubuko, karakana nzima inasema asante. Tunamshukuru pia Shemeji kwa godoro, ambalo hatutalirudisha. Tunakuombea pumziko jema, nyonga tulivu, na wajukuu wavumilivu wa kusahihishwa. Huko nyumbani uendako hakutakuwa na vyuma vya kushikilia, na sakafu ni ileile. Siku ukianguka usijisumbue kuinuka peke yako. Tuite. Watakuja watu wengi kukuinua, na watakuja kwa miguu uliyowatengenezea wewe.